Chungu Kinacholia Ufa

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa katika siku ya hisabati ya shule moja ya sekondari hapa Tanga, mbele ya wanafunzi, walimu na wazazi. Nimeyaandika kwa kufuata karatasi yangu na kumbukumbu. Salamu nimezipunguza.

Mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanangu mliokaa juani wakati sisi tumewekewa turubai: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie umuhimu wa hisabati katika maisha. Kwa kuwa nimeshastaafu, leo naweza kukataa. Mada hiyo nimeisikia kwenye kila mahafali, na sijamwona mtoto hata mmoja aliyeipenda hisabati kwa ajili yake. Nitazungumzia namba moja tu. Ipo ubaoni tangu asubuhi, na nimesikia wawili wakibishana kama ni namba ya simu ya nje:

147,573,952,589,676,412,927

Ina tarakimu 21. Kuisoma ni kazi. Utapita laki, milioni, bilioni, trilioni, na bado hujafika. Mwisho utasema tu ni bilioni mia moja arobaini na saba na ushei, na kila moja ya hizo ni bilioni nzima. Ukiamua kuhesabu moja, mbili, tatu, kila sekunde namba moja, usiku na mchana, itakuchukua zaidi ya miaka trilioni nne na nusu. Ulimwengu wenyewe wataalamu wanaupa umri wa miaka bilioni 13.8. Aliyeanza kuhesabu siku ulimwengu ulipoanza, hadi leo hajamaliza hata sehemu moja ya mia tatu.

Lakini ukubwa peke yake si kitu. Yeyote kati yenu anaweza kuandika 1 akaifuatishia masifuri mpaka wino uishe. Namba hii nimeichagua kwa sababu watu wameikosea na kuihangaikia kwa miaka 259, na kwa sababu inakotoka naweza kuwaonyesha kwa bao.

Bao letu la kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64, ambazo ni komwe. Jana jioni nililitoa barazani nikamwita mjukuu wangu. Nikamwambia leo hatutakati wala hatunamui, tunapanda tu: shimo la kwanza weka komwe moja, la pili mbili, la tatu nne, kila shimo mara mbili ya lililotangulia. Akaweka. La nne 8, la tano 16, la sita 32, zikamwagika pembeni. Akashika iliyobaki mkononi, moja tu, akaniangalia kama niliyempunja. "Babu, zimeisha." Shimo la saba linataka 64, na tumekwishatumia 63.

Hapo pana jambo la kushika. Jumla ya komwe zote ulizopanda daima inapungua moja kufikia kile linachotaka shimo linalofuata. Mashimo mawili yana komwe 3, na shimo la tatu linataka 4. Mashimo matano yana 31, la sita linataka 32. Ndiyo maana tunaandika jumla hiyo kama 2 kwa kipeo cha idadi ya mashimo, toa 1. Tuseme sasa tumepewa komwe zisizoisha, pwani yote imeota mikomwe. Ukijaza bao zima, mashimo 32, umetumia komwe 4,294,967,295. Unganisha mabao mawili, mashimo 64, umefika kwenye kile kisa cha sataranji ambacho wengi mmekisikia, cha nafaka zinazoongezwa maradufu kwa kila mraba wa ubao wenye miraba 64. Chukua bao la tatu, ujaze mashimo matatu tu ya mwanzo. Mashimo 67. Jumla ya komwe zote ndiyo namba iliyoko ubaoni: 2⁶⁷ − 1.

Tarakimu yake ya mwisho mngeweza kuijua bila kuihesabu. Vipeo vya 2 vinaishia 2, 4, 8, 6, kisha vinarudia: 2, 4, 8, 6. Sitini na saba ukiigawanya kwa nne inabaki tatu, kwa hiyo 2⁶⁷ inaishia na 8. Toa moja: 7. Tazameni ubaoni.

Swali lililowasumbua wakubwa wa Ulaya ni hili: katika jumla hizi za mashimo, zipi ni namba tasa? Tasa, kwa walioacha shule zamani, ni namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13. (Jina hili silipendi sana. Tasa ni asiyezaa, ilhali namba zote nyingine zinatokana na hizi kwa kuzidishwa. Lakini ndilo lililoko vitabuni.)

Jambo moja ni rahisi. Idadi ya mashimo ikigawanyika, jumla nayo lazima igawanyike. Mashimo sita: 1, 2, 4, kisha 8, 16, 32. Matatu ya kwanza yana jumla ya 7. Matatu ya pili ni yale yale, kila moja mara nane, kwa hiyo ni 7 mara 8. Jumla ni 7 mara 9, yaani 63. Imegawanyika, na hatukuhitaji kujaribu. Basi ukitaka jumla tasa, anza na mashimo ambayo idadi yake ni tasa. Mashimo 2, 3, 5, 7 yanatoa 3, 7, 31, 127, na zote ni tasa. Hapo mtu anaanza kujiamini. Mashimo 11 yanatoa 2,047, na 2,047 ni 23 mara 89. Kanuni imekufa.

Sitini na saba nayo ni tasa. Je, jumla yake?

Mwaka 1644 mtawa mmoja wa Ufaransa, Marin Mersenne, alichapisha orodha. Alisema kwamba mpaka kufikia kipeo cha 257, jumla tasa zinatoka kwenye mashimo 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257 tu. Hakuonyesha njia. Kwa namba za ukubwa ule, wakati ule, hakuna aliyeweza kumbishia, wala yeye hakuweza kujitetea. Orodha ikaheshimika, namba zenyewe mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Kumbe ina makosa matano: 67 na 257 hazikustahili kuwemo, na ameziacha nje 61, 89 na 107. Wapo wanaosema alikusudia 61 na mchapaji akaweka 67. Inawezekana. Mimi nimesahihisha madaftari miaka mingi, na "nilikusudia kuandika" nimeisikia mara nyingi mno.

Aliyegundua kwamba 67 haifai ni Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, mwaka 1876. Na hapa ndipo nilipotaka tufike, kwa hiyo walio nyuma naomba mnyamaze kidogo.

Mama yeyote anayenunua chungu sokoni haridhiki kwa kukitazama. Anakiinua, anakigonga kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima kinalia. Chenye ufa kinatoa sauti mbovu. Anakirudisha chini. Muuzaji akimwambia, "Nionyeshe basi huo ufa," hana cha kuonyesha, na bado yuko sahihi. Lucas alitafuta namna ya kuigonga namba.

Kugonga kwenyewe kuko hivi, kwa umbo jepesi lililonyooshwa baadaye na mwanahisabati wa Marekani, D. H. Lehmer. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoichunguza, shika baki. Baki hilo lizidishe kwa lenyewe, toa 2, gawanya, shika baki. Rudia mara zinazolingana na idadi ya mashimo, pungufu ya mbili. Mwishoni baki likiwa 0, namba ni tasa. Likiwa kingine chochote, ina ufa.

Tujaribu 31, mashimo matano, kwa hiyo mara tatu. Nne mara nne, toa mbili: 14. Kumi na nne mara kumi na nne ni 196, toa 2 ni 194. Gawanya kwa 31, baki 8. Nane mara nane 64, toa 2 ni 62. Gawanya kwa 31, baki 0. Chungu kizima.

Sasa 2,047, mashimo kumi na moja, mara tisa. Nimewafanyia nyumbani: 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. Si sifuri, basi ina ufa. Lakini itazameni hiyo 1736. Imeandikwa wapi 23 humo? Imeandikwa wapi 89? Hakuna. Tumejua kwa uhakika, si kwa kukisia, kwamba namba inagawanyika, na hatujui inagawanyika kwa namba zipi.

Lucas alimaliza kazi yake juu ya 2⁶⁷ − 1 akiwa mahali hapohapo. Mwaka huohuo aliigonga pia 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ikalia vizuri, na ikabaki namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi mwaka 1951. Lakini ile ya mashimo 67 aliiacha na sauti yake mbovu. Kwa miaka 27 dunia ilijua kwamba zipo namba zinazozidishwa zikaizaa namba hii, na hakuna aliyekuwa nazo.

Mtasema, si wagawe tu? Wagawe kwa 3, kwa 5, kwa 7, waendelee. Haya. Kuna msaada mkubwa unaotokana na kazi ya Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa zama za Mersenne: idadi ya mashimo ikiwa tasa kubwa kuliko 2, kigawo tasa chochote cha jumla yake lazima kiwe mara mbili ya idadi ya mashimo, mara kitu fulani, ongeza moja. Kwa mashimo 11 ni 22 mara kitu ongeza 1: 23 ni 22 na moja, 89 ni 88 na moja. Tena kigawo hicho ukikigawanya kwa 8 lazima kibaki 1 au 7. Kwa mashimo 67, basi, wagombea ni wale tu wa umbo la 134 mara kitu, ongeza 1, na nusu yao wanaondoka kwa sharti la nane. Umeokoa kazi nyingi sana. Na bado kigawo kidogo cha namba yetu, ambacho leo tunakijua, kimekaa kwenye 134 mara 1,445,580 ongeza 1. Kabla ya kukifikia unapita wagombea laki saba na elfu ishirini na ushei. Kila mgombea ni kugawanya namba ya tarakimu 21 kwa mkono. Mpe kila mmoja dakika tano: karibu miaka saba bila kulala. Wale wanaogawanyika kwa 3 au 5 utawaruka, sawa, kazi itapungua. Lakini wewe hujui kama kigawo kiko kwenye laki saba au kwenye milioni arobaini.

Aliyekipata ni Frank Nelson Cole, Mmarekani, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia. Hakugawa kwa nguvu. Alitumia mabaki ya namba za kipeo cha pili kuwachuja wagombea makundi kwa makundi, mpaka wakabaki wachache wa kujaribiwa. Tarehe 31 Oktoba 1903, kwenye mkutano wa chama cha wanahisabati wa Marekani huko New York, ikafika zamu yake. Mada yake ilihusu kutafuta vigawo vya namba kubwa.

Yaliyofuata tunayo kwa mapokeo ya mwanahisabati E. T. Bell, aliyeyaandika miaka mingi baadaye, na mapokeo hayakosi chumvi. Cole alikwenda ubaoni bila kusema neno. Akaanza kuizidisha mbili kwa mbili mpaka kipeo cha 67, akatoa moja, akaacha jibu pale. Akahamia upande mtupu wa ubao akaandika namba mbili, moja chini ya nyingine, akaanza kuzizidisha kwa mkono, kama mtoto wa shule ya msingi. Majibu mawili yakalingana. Akarudi kukaa. Ukumbi ukapiga makofi, na hakuna aliyeuliza swali. Baadaye Bell alipomuuliza ilimchukua muda gani, alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Sasa naomba wawili wa kidato cha tatu waje hapa.

(Walikuja binti mmoja na kijana mmoja. Niliwapa chaki na nikawaandikia namba mbili za Cole: 761,838,257,287 mara 193,707,721. Ukumbi ukaguna. Yule binti aliangalia ubao kidogo, kisha akasema jambo ambalo sikumfundisha: namba ya chini ina tarakimu tisa, lakini moja ni sifuri, na 7 zimo tatu, na 1 zimo mbili. Mizidisho ya kweli ni mitano tu, na ile ya 1 haina kazi. Akazidisha kwa 7 mara moja, akapata 5,332,867,801,009, akaunakili mstari huo mara tatu, kila mara akiusogeza mahali pake. Kijana akafanya wa 9, wa 3 na wa 2. Kisha wakajumlisha pamoja, yeye akitaja, binti akiandika. Mistari minane. Chaki mbili zilikwisha. Jibu lao halikulingana na la ubaoni, ila mimi niliwazuia watu wasiseme.)

Kabla hatujalinganisha, tugonge kwanza. Jumlisheni tarakimu za namba ya juu: 64. Sita na nne 10, moja na sifuri 1. Za namba ya chini: 37. Tatu na saba 10, tena 1. Moja mara moja ni moja, kwa hiyo jibu sahihi likijumlishwa tarakimu zake hivyohivyo lazima liishie 1. Namba iliyoko ubaoni tangu asubuhi ina jumla ya 109, yaani 10, yaani 1. Ya kwenu ina jumla gani?

(Walihesabu: 108. Yaani 9. Kijana akaweka chaki chini.)

Kosa lipo. Liko wapi? Kanuni hii ya kujumlisha tarakimu haisemi. Inagonga tu. Mko sasa mahali alipokuwa Lucas mwaka 1876, na ninawapa Jumapili zenu.

(Ilikuwa dakika nne hivi. Binti alirudi safu kwa safu kutoka kulia, akijumlisha kwa sauti, na kwenye safu moja ya katikati akasimama: walikuwa wameandika tarakimu bila kuongeza iliyobebwa kutoka safu ya nyuma, pungufu ya moja. Akafuta kwa kidole. Namba mbili zikalingana, tarakimu 21 kwa tarakimu 21, na turubai zima likapiga makofi, mgeni rasmi akiwemo.)

Ahsanteni, kaeni. Leo simu iliyoko mfukoni mwa mzazi yeyote hapa, ikiwa na programu inayofaa, inavunja namba hii kabla hujapepesa jicho. Hilo lisiwadanganye. Kuzidisha bado ni rahisi na kuvunja bado ni kugumu, na ugumu huo ndio uliofanywa kufuli: zipo namba za tarakimu 617, kila moja imetengenezwa kwa kuzidisha namba mbili tasa zilizofichwa, na siri nyingi za intaneti zimetegemea kwamba hakuna ajuaye kuzirudisha nyuma. Oktoba 2024 ilitangazwa jumla tasa ya mashimo 136,279,841, namba yenye tarakimu 41,024,320. Hiyo, kabla ya kutangazwa, ilithibitishwa kwa kugongwa kwa namna ileile ya Lucas, na ililia.

Lakini mimi nimewaletea nyingine. Mashimo 1,277. Jumla yake ina tarakimu 385, yaani inaandikika kwenye ukurasa mmoja wa daftari na nafasi ikabaki. Imegongwa, ina ufa, hakuna shaka. Na hadi ninaposimama hapa, kwa kompyuta zote zilizoitafuta, hakuna aliyepata kigawo chake hata kimoja. Katika jumla zote za namna hii zinazojulikana kuwa na ufa, hii ndiyo ndogo kuliko zote ambayo ufa wake haujaonekana. Umbo la kigawo mnalijua: 2,554 mara kitu, ongeza 1, na ukigawanya kwa 8 kibaki 1 au 7. Wa kwanza kupita masharti hayo ni 7,663, lakini msipoteze muda naye, ni 79 mara 97. Anayefuata ni 10,217, naye ni 17 mara 601.

Mwalimu wa zamu ananionyesha saa. Swali moja tu, wewe wa nyuma.

(Aliuliza kama kikokotoo kinaruhusiwa. Nilimwambia mstaafu haulizwi habari za kikokotoo. Wanafunzi hawakuelewa kwamba kikokotoo ni jina pia la hesabu ya mafao ya pensheni, ila walimu walicheka mpaka mkuu wa shule akavua miwani.)